Hita plagi zasingiziwa, kosa likiwa kwenye waya

Na Mwandishi Wetu, Pwani

NI saa 11:00 alfajiri. Katika kituo cha daladala mjini Kibaha abiria wa kwanza wamekwisha kujazana, wengi wao wakiwa wafanyakazi na wanafunzi wanaowahi jijini Dar es Salaam. Pembeni, kipanya kimoja kimegoma. Starta inazunguka kwa nguvu, moshi mweupe unatoka kwenye bomba na harufu ya dizeli mbichi inaenea, lakini injini haishiki. Dereva anajaribu mara ya pili, ya tatu, ya nne. Hatimaye konda na vijana wawili wa kituoni wanakwenda nyuma ya gari na kuanza kusukuma.

Mandhari hiyo si ngeni kwa wakazi wa Kibaha, wala kwa wenzao wa Kisarawe wanaotegemea magari ya aina hiyo kufika Gongo la Mboto na kwingineko jijini. Kwa dereva, jambo lenyewe si la mzaha. Safari za alfajiri ndizo zinazobeba hesabu ya tajiri, na gari linalowaka saa 2:00 asubuhi limekwisha kupishana na abiria wake.

Fundi akiitwa, hukumu mara nyingi hutolewa hata kabla kiti cha mbele, ambacho injini ya HiAce hukaa chini yake, hakijafunuliwa: hita plagi zimekufa, zinunuliwe nne mpya. Zinanunuliwa, zinafungwa, na baada ya wiki moja gari linasukumwa tena.

Hukumu hiyo yaweza kuwa ya kweli. Lakini yaweza vilevile kuwa ni kumsingizia asiyekuwa na kosa, kwa sababu hita plagi ni kituo cha mwisho tu cha safari ya umeme inayoanzia kwenye betri, ikapita kwenye fyuzi, kwenye rilei na kwenye waya, huku ikiamriwa na taima. Kituo chochote cha njiani kikifungwa, hita plagi nzuri kabisa hubaki baridi, na dalili anayoiona dereva ni ile ile.

Ili kuelewa kwa nini, yafaa kwanza kukumbuka kwamba injini ya dizeli haina cheche. Mhandisi wa Kijerumani, Rudolf Diesel, aliyepewa hataza ya uvumbuzi wake mwaka 1893, alitegemea kanuni kwamba hewa ikigandamizwa kwa nguvu hupata joto kali. Katika injini za Toyota za aina ya 2L, 3L na 5L, ambazo ndizo zilizomo katika HiAce nyingi za zamani za dizeli, hewa hugandamizwa hadi kubaki kiasi cha sehemu moja ya 22 ya ujazo wake wa awali. Dizeli ikipuliziwa humo, huwaka yenyewe.

Tatizo huja pale injini inapokuwa imelala usiku kucha. Chuma baridi hunyonya joto la hewa iliyogandamizwa kabla halijafikia kiwango cha kuwasha mafuta, hasa katika injini hizo ambazo dizeli hupuliziwa kwanza kwenye chemba ndogo ya pembeni. Hapo ndipo inapohitajika hita plagi, moja kwa kila silinda. Ni kijiti cha chuma chenye waya wa kupashia joto ndani yake, na ncha yake hufikia nyuzi joto zaidi ya 800 za Sentigredi kwa muda mfupi. (Magari ya petroli hayana kabisa kifaa hiki. Mwenye HiAce ya petroli akiambiwa anunue hita plagi, na abadili fundi.)

Joto la namna hiyo lina gharama yake ya umeme. Hita plagi moja huweza kuvuta ampea 10 au zaidi mara tu ufunguo unapozungushwa. Nne kwa pamoja huvuta ampea 40 na kuendelea, sawa na kuwasha taa kubwa za mbele zipatazo nane kwa mkupuo mmoja. Mkondo mkubwa kiasi hicho hausamehe kutu kwenye temino, waya uliokatika nusu, wala rilei iliyoungua midomo.

Hali ya hewa ya Pwani, kwa upande wake, huficha ugonjwa huu. Katika joto la ukanda huu, injini ambayo hita plagi moja kati ya nne imekufa yaweza kuendelea kuwaka kwa miezi mingi, ikitikisika kidogo tu asubuhi kabla haijatulia. Dereva huzoea. Ufikapo mwezi wa Juni au Julai, alfajiri zinapopoa, hasa kwenye vilima vya Kisarawe na Pugu, ya pili inakufa na gari linagoma. Wengine huumbuka mbali zaidi: gari linakodiwa kupeleka wafiwa Njombe, linalala huko kwenye baridi, na asubuhi msiba unageuka kuwa wa gari.

Kabla ya kugusa waya wowote, dereva anaweza kujiuliza maswali machache. Je, starta inazunguka kwa kasi yake ya kawaida? Ikizunguka kwa uchovu, tatizo ni la betri, la temino au la starta yenyewe. Je, moshi unatoka wakati wa kuzungusha? Moshi mweupe maana yake dizeli inafika kwenye silinda lakini haiungui, na hapo hita plagi ni mtuhumiwa halali. Pasipo moshi wowote, dizeli haifiki. Itazamwe njia ya mafuta na swichi ya umeme ya kwenye pampu. Je, gari linasumbua hata likiwa la moto, mathalani baada ya kuzimwa kwa dakika 10? Kama ndivyo, hita plagi hazihusiki hata kidogo, na fedha za kuzinunua ziwekwe kwa ajili ya pampu, nozeli au kompresheni.

Taa ya dashibodi si shahidi

Kosa linalowapoteza wengi ni kuiamini ile taa ndogo ya rangi ya njano yenye alama ya waya uliojikunja. Dereva anazungusha ufunguo, taa inawaka, inazimika, naye anaamini kuwa hita plagi zimepata moto. Katika magari mengi ya zamani taa hiyo huendeshwa na taima peke yake. Inahesabu sekunde, basi. Hita plagi zote nne zikifa, au rilei ikiungua, taa itaendelea kuwaka na kuzimika kwa heshima zote kama kawaida. Magari ya kisasa yanayoongozwa na kompyuta ni tofauti, kwani huweza kutoa ishara ya hitilafu kwa kumemesa taa hiyo.

Kipimo cha kweli hufanywa kwa mita ya umeme, na hufanywa injini ikiwa baridi. Sharti hili ni la lazima. Gari likipelekwa gereji saa sita mchana likiwa limetoka safari, sensa ya joto la maji huiambia taima kwamba injini imekwisha kupata moto, nayo taima hunyima umeme. Fundi akipima wakati huo atakuta sifuri na kuihukumu rilei bure. Katika magari mengi, kuchomoa soketi ya sensa hiyo huifanya taima iamini kuwa injini ni baridi, na fundi akaweza kupima hata mchana. Sensa hiyo hiyo ikiharibika na kung'ang'ania kusema injini ni ya moto, gari halitapata joto alfajiri yoyote, hata likifungwa hita plagi mpya kila mwezi.

Hita plagi nne huunganishwa kwa ukanda mmoja wa chuma unaopita juu ya vichwa vyake. Waya mmoja wa mita uwekwe kwenye ukanda huo, mwingine kwenye chuma cha injini, kisha mtu wa pili azungushe ufunguo bila kupiga starta. Katika mfumo wa volti 12 wa kawaida mita inapaswa kuonyesha volti zisizopungua 10 hivi. Ikionyesha sifuri, umeme umekwama njiani, na hita plagi zisiguswe kwanza. Arudi nyuma hatua kwa hatua: fyuzi kubwa ya hita, kisha rilei. Rilei ikilia "taki" lakini upande wake wa kutokea hauna umeme, midomo yake ya ndani imeungua. Isipolia kabisa, ama yenyewe imekufa ama haipati amri kutoka kwa taima.

Hapa pana mtego mwingine. Mafundi wengi hutumia taa ndogo ya kupimia badala ya mita, na taa hiyo huwaka kwa mkondo mdogo sana. Waya uliobakiwa na nyuzi mbili tatu unaweza kuiwasha vizuri, lakini ukidaiwa ampea 40 hausongi mbele. Ndiyo maana volti lazima zipimwe hita plagi zikiwa zimeunganishwa na zinavuta umeme. Mita ikionyesha volti 12 ukanda ukiwa umefunguliwa, kisha zikaporomoka hadi 5 ukanda ukifungwa, kuna mahali umeme unazuiwa. Waya wa hasi unaotoka kwenye injini kwenda kwenye betri na kwenye bodi nao upimwe vivyo hivyo, ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye injini: zaidi ya nusu volti wakati hita zinafanya kazi ni dalili ya kutu au nati iliyolegea. Dawa yake ni msasa na spana, si spea.

Umeme ukiwa unafika vizuri, ndipo hita plagi zenyewe zipimwe. Ukanda uondolewe kwanza. Usipoondolewa, hita moja nzima huzitetea tatu zilizokufa, kwa kuwa zote zimeshikana, na mita haitajua inapima ipi. Baada ya hapo kila moja hupimwa ukinzani wake kati ya kichwa chake na chuma cha injini. Iliyo nzima huonyesha ukinzani mdogo, kwa kawaida chini ya omu 2. Isiyoonyesha chochote imekatika. Kwa mwenye mita ya kubana waya, kazi ni nyepesi zaidi: kama kila hita huvuta ampea 12, jumla itegemewe kuwa karibu 48, ikiwa 36, moja imekufa, ikiwa 24, mbili.

Yote hayo hayazidi nusu saa kwa fundi mwenye mita. Mwandishi wa makala haya amewahi kukaa gereji saa tatu akisubiri spea ambayo haikuhitajika, hivyo nusu saa haimtishi.

Swichi ya kubonyeza

Wapo wanaokwepa uchunguzi wote huo kwa njia ya mkato. Waya huvutwa moja kwa moja kutoka betri hadi kwenye hita plagi, swichi ya kubonyeza hutobolewa kwenye dashibodi, na dereva huambiwa abonyeze mpaka ahesabu kumi. Mafundi huita kuunga dairekti. Gari huwaka, na kila mtu huridhika.

Ubaya wake ni wa aina mbili. Kwanza, taima iliyokuwa ikizilinda hita plagi imeondolewa, na kazi yake imekabidhiwa kidole cha dereva mwenye haraka. Baadhi ya mifumo ya Toyota hutumia hita plagi za volti 6, ambazo hupewa nguvu kamili kwa sekunde chache tu kisha hupunguziwa. Zikipewa volti 12 mfululizo, ncha huvimba na hata kukatika, na kipande kikiangukia ndani ya silinda gharama yake ni kufungua injini. Pili, waya huo aghalabu huwa mwembamba na hauna fyuzi. Katika HiAce hupita chini ya viti, ukisuguana na bodi, jirani na mabomba ya dizeli. Siku ganda lake litakapochubuka hakuna kitu cha kuukata umeme, na juu yake wameketi dereva na abiria wa mbele. Ikiwa lazima uungwe hivyo kwa dharura, basi uwe waya mnene, uwe na rilei, na uwe na fyuzi karibu kabisa na betri.

Dawa za kupuliza za kuwashia injini, ambazo huwa na etha, ni hatari zaidi. Zikikutana na hita plagi iliyowaka hulipuka kabla ya wakati wake, na zimewahi kuvunja pistoni.

Tofauti hiyo ya volti ndiyo inayofanya ununuzi wa spea nao uwe na ujuzi wake. Hita plagi ya volti 6 na ya volti 11 zaweza kufanana kwa urefu na kwa nyuzi za kufungia. Ya volti 11 ikifungwa mahali pa volti 6 haitapata moto wa kutosha. Ya volti 6 mahali pa 11 itaungua mapema. Maandishi huwa yamechongwa kwenye shingo. Anayetumwa Gerezani, Kariakoo, kutoka Kibaha au Kisarawe aende na ile ya zamani mkononi, na kabla ya kulipa aombe mita dukani, apime zote nne: namba zikipishana sana, azirudishe.

Wakati wa kuzifungua, injini iwe imepata vuguvugu na spana izungushwe taratibu. Hita iliyoshikwa na masizi hukatikia ndani ya hedi, na kwa gari linalobeba mihogo kutoka Maneromango, hedi iliyofunguliwa ni siku kadhaa za shehena kulala barazani.