Laini ya Mwingine kwa Jina Lako: Utambulisho wa Bandia Unavyotumika Ngara na Biharamulo

Mkazi wa wilaya ya Ngara au Biharamulo mkoani Kagera anaposikia habari za utambulisho wa bandia, mara nyingi hufikiria kitambulisho kilichochapishwa kwa siri, chenye picha ya mtu mmoja na jina la mtu asiyekuwepo duniani. Vitambulisho vya aina hiyo vipo, lakini si hivyo vinavyowaumiza wananchi wengi zaidi. Utambulisho wa bandia unaotumika kila siku hautungwi. Huazimwa au huibwa kwa mtu aliye hai, mwenye jina la kweli, namba ya kweli ya Kitambulisho cha Taifa na alama ya kidole chake mwenyewe. Uhalifu unapotendeka, njia ya upelelezi huelekea mlangoni kwa mtu huyo, wakati aliyepokea fedha hajulikani aliko.

Tangu tarehe 1 Mei 2019 laini za simu nchini husajiliwa kwa alama za vidole zinazolinganishwa na kumbukumbu za Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa (NIDA). Muda wa kukamilisha zoezi hilo kwa laini za zamani uliwekwa hadi tarehe 31 Desemba 2019, kisha ukaongezwa hadi tarehe 20 Januari 2020. Lengo lilikuwa kila laini iwe na mwenyewe anayejulikana. Kwa sehemu kubwa lengo hilo limefikiwa, lakini tapeli naye amebadili mbinu: kwa kuwa hawezi tena kusajili laini kwa jina la kubuni, anatafuta kidole cha mtu mwingine.

Kidole hicho hupatikana kwa njia mbili. Ya kwanza ni hila. Mwananchi anafika kwa wakala aliyeketi chini ya mwavuli siku ya mnada, anaweka kidole kwenye mashine, anaambiwa mtandao umekataa, anaombwa aweke tena. Mara ya kwanza usajili ulikuwa umekubali. Mara ya pili amesajili laini ambayo hataiona kamwe. Si kila wakala anayerudia kuchukua alama ana nia mbaya, kwani mtandao wa vijijini hukwama kweli na kidole cha mkulima kilichosuguliwa na jembe mara nyingi hakisomeki kwa mara moja. Ndiyo maana hila hiyo hufanikiwa.

Njia ya pili ni hisani, na kwa wilaya hizi mbili inastahili kuangaliwa kwa makini zaidi. Ngara inapakana na Rwanda na Burundi kwa pamoja. Kihangaza na Kishubi vinafanana sana na Kirundi na Kinyarwanda, hata mtu wa Kabanga na mwenzake wa ng'ambo ya mpaka huzungumza bila kuhitaji mkalimani. Undugu wa ndoa umevuka mpaka kwa vizazi vingi, na vibarua huvuka msimu wa kilimo unapofika. Biharamulo nayo inapitiwa na barabara kuu inayotoka Rusumo kupitia Lusahunga hadi Nyakanazi, ambako njia za Kigoma na Kahama huachana. Wageni na madereva wa malori hupita usiku na mchana. Katika mazingira hayo, mtu kumsajilia laini kibarua wake, shemeji yake au mpangaji wake asiye na namba ya NIDA huonekana kuwa jambo la utu. Kibarua huondoka msimu unapokwisha. Laini huondoka naye, au huuzwa njiani kwa mtu wa tatu, nalo jina la mwenye hisani linabaki ndani yake.

Hisani hiyo haina ulazima. Mgeni anaweza kusajili laini kwa hati yake ya kusafiria, na mkimbizi kwa nyaraka za utambulisho alizopewa kwa mujibu wa taratibu. Asiye na chochote kati ya hivyo ana jambo la kumaliza kwanza na Idara ya Uhamiaji, na kidole cha mwenyeji wake hakiwezi kulimaliza.

Laini ya namna hiyo ikishaingia mikononi mwa tapeli, kazi yake inafahamika kwa kila mwenye simu. Ujumbe unaingia ukisema fedha ile itumwe kwa namba hii. Sauti inajitambulisha kuwa ya mwalimu na kueleza kwamba mtoto ameanguka shuleni, anahitaji matibabu haraka. Mwingine hufungua ukurasa wa mtandao wa kijamii kwa jina na picha ya kiongozi, akaahidi mikopo kwa sharti la kutanguliza ada ya fomu. Hapo ndipo wengi hukosea: kabla ya kuweka namba ya siri, mtumaji huonyeshwa jina la mpokeaji, naye akiona jina la Kitanzania lililosajiliwa rasmi hutulia. Jina lile ni la kweli, lakini mwenye jina huenda yuko shambani Rulenge anapalilia migomba, hana habari kwamba fedha za mtu wa Mwanza zimepita kwa jina lake.

Sheria haikunyamaza. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika Septemba mwaka huo, inakataza katika kifungu cha 15 mtu kujifanya mtu mwingine kwa kutumia mfumo wa kompyuta, na simu ya mkononi imo katika maana hiyo. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5 au mara tatu ya faida iliyopatikana, kwa kutegemea ipi ni kubwa, au kifungo kisichopungua miaka 7, au vyote kwa pamoja. Kanuni ya Adhabu, iliyotungwa zamani kabla ya simu hizi, nayo inamtia hatiani anayejifanya mtu mwingine kwa nia ya kulaghai, awe mtu huyo yu hai au amekufa. Maneno hayo ya mwisho yana maana yake hadi leo, kwa sababu laini za marehemu zisizofungwa hubaki zikifanya kazi. Familia ikishasajili kifo kwa taratibu za RITA, inafaa ifike pia kwa mtoa huduma wa simu ili laini ya marehemu ifungwe.

Ngara ina kumbukumbu yake kuhusu majina yasiyo na watu. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda ndani ya takriban saa 24, wakapiga kambi Benaco, eneo lililopata jina lake kutokana na kampuni ya Kiitaliano iliyojenga barabara. Mwanzoni chakula kiligawiwa kupitia viongozi wa jumuiya zilizohama pamoja, na orodha zao zikajaa majina ya watu ambao hawakuwapo kambini. Chakula cha majina hayo kiliwapa viongozi hao nguvu na biashara, ilhali familia zisizo na mtetezi zilipata pungufu. Mashirika yalilazimika kuhesabu watu upya na kuelekeza mgao kwa familia moja moja. Kambi za Wanyarwanda zilifungwa Desemba 1996, lakini wazee wa Kasulo bado wanakumbuka kadi zile zilivyokuwa bidhaa.

Upo pia upande wa pili wa shilingi. Wakati wa Operesheni Kimbunga, iliyoanza Septemba 2013 katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita kwa ajili ya wahamiaji wasio na vibali, wapo waliokuwa wamekaa nchini miaka mingi na wakajikuta wakitakiwa kuthibitisha uraia wao bila karatasi yoyote mkononi. Kadiri majina ya kuazima yanavyoongezeka mpakani, ndivyo mwenyeji halali anavyoulizwa maswali mengi zaidi anapoomba kitambulisho. Mahojiano ya maofisa wa Uhamiaji yanayolalamikiwa na waombaji wa Ngara kwa kuwa marefu yana sababu hiyo. Malalamiko hayo yana haki yake, hasa kwa mtu aliyetembea kutwa hadi ofisi ya wilaya, lakini fomu iliyopitishwa na kijiji kwa kumwonea mtu huruma ndiyo inayorefusha mahojiano ya jirani yake.

Kujikagua hakuhitaji safari. Mwananchi anapiga *106# na kufuata maelekezo ya kuangalia namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Akikuta namba asiyoitambua, asiipigie wala kumtumia aliyenayo ujumbe, kwa kuwa atakuwa amemwonya. Aende katika duka la kampuni husika akiwa na namba yake ya NIDA, yenye tarakimu 20 zinazoanza na mwaka, mwezi na siku yake ya kuzaliwa, aikane laini hiyo na kuomba ifutwe. Ikiwa anahisi imeshatumika vibaya, atoe taarifa kituo cha polisi na apewe namba ya taarifa, yaani RB. Karatasi hiyo yenye tarehe itamsaidia sana endapo siku moja ataitwa. Namba inayotuma ujumbe wa kitapeli hutumwa kwenda 15040, namba iliyotengwa kwa ajili hiyo kwa mitandao yote.

Kwa laini iliyotolewa kwa hisani, mwenye jina aanze kwa kumtafuta aliyempa. Akipatikana, asajili yake kwa nyaraka zake. Asipopatikana, laini hiyo ifungwe, hata kama ni ya shemeji.