Kuwachunguza Ndege wa Jabalini

Ziara ya masomo haina budi kutanguliwa na swali. Mathalani, katika majira ya kusi, aina mbili za membe hutaga juu ya Whale Island, kisiwa cha mwamba wa matumbawe huko Watamu, Kenya. Aina moja hutaga peupe, nyingine hujificha mianyani. Je, kila moja hupata faida gani? Tuwaache wanafunzi wachungulie kwa darubini na kuandika, wakiwa chomboni mbali na jabali. Tukiwapandisha mwambani, membe wataruka, na mayai yatabaki wazi, yaungue kwa jua au yaliwe na kunguru. Kwa hiyo, kabla ya safari, tuwafundishe kwanza sababu ya kukaa mbali.