Vipimo Safi, Tumbo Bado Linauma: Mgonjwa Anastahili Maelezo

Mgonjwa wa tumbo anayefika Haydom mara nyingi ametoka mbali. Hospitali ya Kilutheri ya mji huo, iliyofunguliwa mwaka 1955 na ambayo leo ina vitanda zaidi ya 400, huhudumia Wairaqw, Wadatoga, Wanyiramba na Wahadzabe, Waislamu kwa Wakristo. Kwa aliyeuza mbuzi ili apate nauli, kuambiwa "hatukuona kitu" si bishara njema. Ni safari iliyopotea.

Hata hivyo, yapo maradhi yasiyoonekana kwenye darubini: utumbo unaokereka upesi. Utumbo na ubongo huwasiliana kwa mishipa ya fahamu. Mawasiliano hayo yakivurugika, utumbo huhisi maumivu kupita kiasi na hujikaza kwa kasi au kwa ulegevu. Vigezo vya kimataifa viitwavyo vya Roma, vilivyohuishwa mwaka 2016, hutaka maumivu ya angalau siku moja kwa wiki katika miezi mitatu, yakiambatana na mabadiliko ya choo. Maradhi haya si saratani wala hayafupishi umri, lakini humnyima mtu usingizi, kazi na utulivu wa swala.

Mgonjwa wa namna hii huridhika kwa lipi? Dawa peke yake haitoshi, kwani hakuna inayoyang'oa maradhi haya moja kwa moja. Huridhika anaposikilizwa mpaka mwisho, anapotajiwa jina la maradhi yake, na anapoelezwa kwa lugha anayoielewa, iwe Kiswahili au Kiiraqw. Akiambiwa "huna ugonjwa", huhama kutoka zahanati hadi duka la dawa, kisha kwa mganga, akinunua dawa za minyoo na za amiba zisizomhusu. Mali huteketea, na nyumbani huanza kudhaniwa kuwa anajisingizia.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, mwulize daktari maswali matatu: Ugonjwa wangu unaitwaje? Mmeondoa shaka ya magonjwa gani? Nirudi lini? Andika pia kwa wiki mbili ulichokula na jinsi tumbo lilivyokuwa. Maharage, vitunguu na maziwa huwasumbua baadhi ya watu. Kula kwa wakati, na punguza chai kali.

Zipo dalili zisizovumiliwa: damu katika choo, kupungua uzito bila sababu, homa, upungufu wa damu, au maumivu yanayoanza baada ya miaka 50. Hizo zataka uchunguzi wa haraka. Na Ramadhani inapokaribia, mgonjwa amwone daktari kwanza, kisha amwulize shekhe wake kuhusu ruhusa ya kufungua.

Nasi tulio nyumbani tuna wajibu wetu. Mama anayelalamika tumbo mwaka mzima asiambiwe ana deko. Kumsadiki ni sehemu ya tiba yake.