Kisogo Kinachosoma: Utangulizi

Nyuma kabisa ya ubongo, usawa wa kisogo, kuna eneo linalopokea habari kutoka machoni. Je, kwa mtu aliyezaliwa haoni, eneo hilo hufanya nini? Karibu, msomaji, katika taaluma iliyozaliwa na swali hilo.

Mwaka 1996 Norihiro Sadato na wenzake walichapisha picha za ubongo wa watu waliokosa kuona tangu utotoni. Vidole vilipopita juu ya nukta nundu, kisogo kilichangamka. Picha hizo, zilizopima mtiririko wa damu, zilisisimua wengi, lakini mimi huwaonya wanafunzi wangu: damu kuongezeka mahali si ushahidi kwamba kazi inafanyika hapo. Huenda ni mwangwi wa kazi ya kwingine.

Kwa hiyo nalithamini zaidi jaribio la 1997 la Leonardo Cohen na wenzake. Walikivuruga kisogo kwa muda mfupi kwa mapigo ya sumaku, bila kupasua fuvu. Wasomaji wasioona wakaanza kukosea, na baadhi wakahisi nukta ambazo hazikuwapo. Wenye macho, waliopapasa herufi zilizoinuliwa, hawakutatizika hivyo. Halafu mwaka 2000 ikatolewa taarifa ya mwanamke aliyezaliwa haoni, msomaji hodari, ambaye kiharusi kiliharibu kisogo chake pande zote mbili. Vitu aliendelea kuvitambua kwa kuvishika. Nukta alizigusa, ila hazikumwambia kitu tena.

Hapo mwangwi hautoshi kuwa maelezo.

Ubishi uliobaki ni wa chanzo, nao bado ni mkali. Wapo wanaosema ubongo umejipanga upya. Tamar Makin na John Krakauer, katika makala yao ya 2023, wanapinga: wanaona kwamba uwezo uliokuwapo tangu mwanzo ndio hukuzwa, wala eneo halipewi kazi ngeni. Kwa upande wa mguso nakubaliana nao, maana kutambua umbo ni kutambua umbo, liwe la jicho au la kidole. Lugha ndiyo inayonipa shida. Mwaka 2011 Marina Bedny na wenzake walionyesha kwamba kwa waliozaliwa hawaoni kisogo huitikia hata sentensi zinazosikika tu. Na utafiti wao wa 2015 uliukuta mwitikio huo kwa watoto wa miaka minne, wengine wakiwa hawajajua kusoma nukta nundu.