Sahani ya Siku ya Familia: bila nyama, bila samaki, na mgeni akashiba

Tarehe 25 Desemba iko mlangoni. Kwa sheria ya Msumbiji hiyo ni Siku ya Familia, na hapa kambini tunaipenda kwa sababu ni ya kila mtu. Wakristo wana Krismasi yao, Waislamu wanatembeleana maana ni mapumziko, na watoto wa pande zote wanazunguka nyumba kwa nyumba wakinusa karai liko wapi.

Swali tulilolisikia sana mwezi huu, penye bomba la maji na nje ya madarasa, ni moja tu: mgeni atakula nini? Kuku hashikiki kwa bei. Samaki, ambaye kwetu pwani tulimla bila kumhesabu, anafika hapa amepita mikono minne na kila mkono umeongeza meticais zake. Darasani tuliwapa watoto kazi ya kuchora sahani ya sikukuu. Karibu wote walichora samaki mzima na kichwa chake. Mmoja alichora sahani tupu, akaipaka rangi vizuri kabisa.

Sisi tunasema sahani isiyo na nyama wala samaki haina aibu. Tena hapa kwetu ina faida ambayo kuku hana. Tangu Mocímboa da Praia iliposhambuliwa tarehe 5 Oktoba 2017, na zaidi baada ya Palma tarehe 24 Machi 2021, tumejikuta pamoja watu ambao hatukuwahi kuwa majirani. Mmakonde wa Muidumbe anakaa ukuta kwa ukuta na Mmwani wa Quissanga. Wanasalimiana, wanasaidiana kubeba maji, lakini kula? Mmoja akileta nyama, mwenzake anajiuliza nani kachinja, na sufuria hii jana ilipika nini. Hasemi kwa mdomo, anasema ameshiba. Mwenye nyumba anaelewa, na ile sahani inarudi ndani kama ilivyotoka. Bajia ya kunde haina mchinjaji. Mafuta yawe mapya, karai lisuguliwe kwa majivu, na mwambie mgeni hivyo waziwazi, hatachukia.

Wala msidhani hiki ni chakula cha shida. Bajia na sambusa ni vitu tulivyovipata kwa Wahindi. Baniani kutoka Diu na Gujarat walifanya biashara Kisiwa cha Msumbiji tangu karne ya 17, na Ibo pia walifika. Wengi wao nyama hawakuigusa maisha yao yote, na harusi walifanya, na wageni walishiba. Mpaka leo kule Maputo bajia ndani ya mkate ndiyo chakula cha mchana cha wafanyakazi wengi.

Basi tuanze. Kikombe kimoja cha kunde kavu kiloweke usiku kucha. Asubuhi zisugue kwa mikono miwili mpaka maganda yatoke, mwaga maji na maganda yanayoelea, rudia mara tatu au nne. Saga kwenye jiwe au twanga kwenye kinu, na hapa ndipo wengi wanapoharibu: usiongeze maji, labda kijiko kimoja tu. Tia chumvi, kitunguu, kitunguu saumu na pilipili, kisha upige kwa mwiko dakika kumi nzima mpaka uwe mwepesi. Dondosha tone kwenye kikombe cha maji. Likielea, tayari. Likizama, endelea kupiga. Unga wa ngano hauhitajiki, huo ni ujanja wa wauzaji. Chota kwa kijiko, kaanga kwenye mafuta ya moto, utapata bajia ishirini hivi au zaidi, na karibu robo ya uzito wa kunde ni protini.

Kuna jambo jingine la maana hapa, nalo ni kuni. Sote tunajua kuni zinatoka mbali na njia yenyewe si ya kumtuma binti peke yake. Maharage yanakula kuni masaa mawili, matatu. Kunde zilizolowekwa hazichemshwi kabisa, zinaingia kwenye karai mbichi na dakika chache zimeiva. Dengu zilizopasuliwa, zikitoka kwenye mgao, zinafaa vilevile, na maganda hazina.

Lakini jamani, maharage mekundu msiyafanye hivyo! Yakiwa mabichi yana sumu inayotapisha na kuharisha, na kukaanga juu juu hakuimalizi. Hayo yaloweke, mwaga maji, yachemshe yaive kabisa, ndipo uyaponde ufanye vidonge vya kukaanga.

Muhogo nao tuuzungumze, maana wengi wataukaanga. Muhogo mtamu, menya, chemsha, kata vipande virefu, kaanga, nyunyiza chumvi na pilipili, hapo hakuna neno. Muhogo mchungu ni habari nyingine. Mwaka 1981 kwa jirani zetu wa mkoa wa Nampula kulikuwa na ukame, watu wakala muhogo mchungu bila kuuandaa siku za kutosha. Zaidi ya watu 1,000, wengi wao watoto na kina mama, walipooza miguu. Wenyeji waliuita ugonjwa huo mantakassa, wataalamu huuita konzo, na miguu iliyopooza hivyo hairudi kama zamani. Kukaanga hakuondoi sumu hiyo. Ukinunua muhogo mbichi kwa mtu usiyemjua, muulize ni wa aina gani. Akisitasita, uache. Muhogo mchungu ni wa kuloweka siku kadhaa, kuanika na kutwanga unga.

Achari ndiyo inayopendezesha sahani, na Desemba embe zipo. Kata embe mbichi vipande vyembamba, tia chumvi, anika juani siku moja, mwaga maji yake. Changanya na pilipili, kitunguu saumu na limau. Ikikaa siku moja zaidi, inakuwa nzuri kuliko zile za chupa za dukani. Ukiwa na korosho, zichome nje, upande ambao moshi hauelekei kwa watu, na watoto wasikaribie, manake mafuta ya ganda yanaunguza ngozi.

Sambusa za viazi tunazipenda, ila kwa kusema kweli, unga ule na mafuta yale ungepata bajia za mtaa mzima. Vitumbua waachieni wenye chuma chake na nazi, nendeni mkawasaidie kukuna.

Kukaanga kote kufanyike nje, kamwe si ndani ya hema wala chini ya paa la makuti. Weka ndoo ya mchanga karibu. Mafuta yakishika moto yafunikwe kwa mfuniko au mchanga, maji yasiguse.

Anayetaka kutumia kinu cha shule alete kunde zake zimeshalowekwa tarehe 25 alfajiri. Tutakuwepo kuanzia saa kumi na moja na nusu, vinu viwili, na watoto wa darasa la nne wameahidi kutoa maganda.