Kaizari wa Libya aliyefia York

Wadau, ukitaja York kijiweni watu wanarukia New York, ya Marekani. Leo nazungumzia York yenyewe, mji wa kaskazini mwa Uingereza. Warumi waliuanzisha mwaka 71, wakauita Eboracum. Ulianza kama kambi ya wanajeshi kama 5,000 hivi.

Tatizo ni kwamba sehemu kubwa ya kambi hiyo iko chini ya ardhi. Ukitembea mwenyewe utaona maduka na watalii tu. Ndiyo maana watu wanafuata waongozaji. Kuna chama cha wenyeji wanaojitolea, tangu 1951 wanatembeza wageni bure kabisa kwa kama saa mbili, wakianzia Exhibition Square. Na bakshishi hawataki! Huku kwetu ungekuta bei mbili, ya mgeni na ya mwenyeji. Ila matembezi yao yanagusa historia yote ya mji, kwa hiyo ya Warumi uliza mwenyewe, usione aibu.

Cha kwanza kukitazama ni mnara wa Multangular Tower, ndani ya bustani ya Museum Gardens. Ulikuwa kona ya ile kambi. Angalia mawe: yale madogo ya chini ni ya Warumi, yale makubwa ya juu yaliongezwa karne nyingi baadaye. Ukishajua hilo unausoma ukuta kama gazeti.

Halafu kuna mtaa wa Stonegate. Leo ni maduka matupu, lakini unafuata barabara ileile ya askari iliyotoka kwenye geti kwenda makao makuu. Na makao makuu yenyewe yako wapi? Chini ya kanisa kuu, York Minster. Kati ya 1967 na 1972 mafundi walichimba pale kuimarisha msingi, maana mnara wa kati ulikuwa hatarini kuanguka, wakakutana na kuta za Warumi. Nguzo moja waliyoifukua imesimamishwa nje, na wapo wanaosema eti imewekwa kichwa chini miguu juu. Karibu yake kuna sanamu ya Constantine, ambaye askari walimtangaza kaizari hapohapo York mwaka 306 baada ya baba yake kufariki.

Waongozaji wengi humtaja sana huyo Constantine. Mimi ninayemtaka ni mwingine.

Septimius Severus alizaliwa mwaka 145 Leptis Magna, mji ambao magofu yake yako Libya. Akawa kaizari wa Roma mwaka 193. Mwaka 208 akaja Uingereza na mke wake Julia Domna na watoto wao wawili wa kiume, kupigana na makabila ya kaskazini. Miguu ilikuwa inamsumbua, na tarehe 4 Februari 211 akafia York. Mwili ulichomwa hukohuko, majivu yakapelekwa Roma.

Sasa tusikimbilie kusema alikuwa mweusi kama sisi. Ukoo wa baba yake ulikuwa wa Wapuniki wa Afrika Kaskazini. Lakini wengi wetu tumetoka darasani na picha moja tu, kwamba Mwafrika alifika Ulaya akiwa kwenye minyororo. Huyu alifika akiwa bosi wa kila mtu, zaidi ya miaka 1,200 kabla ya meli za watumwa za Wareno.

Na hakuwa peke yake. Mwaka 1901 lilifukuliwa York jeneza la jiwe la mwanamke wa karne ya 4, amezikwa na bangili za pembe za ndovu na nyingine za jiwe jeusi la Whitby, kioo, na kipande cha mfupa chenye maneno ya Kilatini ya kumsalimu dada na kumtakia aishi katika Mungu. Utafiti wa University of Reading uliotolewa 2010 ulipima fuvu na meno yake, ukaona huenda ukoo wake ulikuwa na asili ya Afrika Kaskazini. Kupima fuvu kuna ubishi wake, lakini utajiri aliozikwa nao hauna ubishi.

Vitu vyake viko Yorkshire Museum, ndani ya bustani ileile yenye mnara, hatua chache tu. Ukimaliza kutembea ingia, ila humo watu wazima wanalipa kiingilio.