UWANJA USIACHWE MTUPU

Kila unapokaribia uchaguzi husikika ndani ya vyama sauti ya watu wenye hesabu. Nao husema hivi: fedha za Chama ni chache, magari ni machache, wasemaji hodari ni wachache zaidi, basi ya nini kuvitupa vyote katika kata ile ambayo tangu zamani haitutaki? Afadhali tuwaachie wenzetu kata hiyo, na jimbo lile pia, nasi tutie nguvu zetu mahali penye tumaini. Maneno hayo yana sura ya busara, wala wayasemao si wasaliti. Lakini sisi twayaona kuwa mashauri mabaya, na leo twapenda kueleza sababu.

Kwanza, hesabu yenyewe ina kasoro. Asemaye kwamba kura za mahali tushindwapo ni kura za bure hajasoma Katiba ya nchi yake. Katika Tanzania viti maalum vya wanawake Bungeni hugawiwa vyama kwa uwiano wa kura za ubunge, mradi chama kipate angalau asilimia 5 ya kura zote halali. Kura haiulizwi kama imetoka katika jimbo la ushindi au la kushindwa. Mwaka 2020 Chadema ilipata jimbo moja tu la kuchaguliwa, nalo ni Nkasi Kaskazini. Lakini kwa kura zake za nchi nzima ikahesabiwa viti 19 vya wanawake. (Ugomvi uliozuka baadaye juu ya watu waliokaa katika viti hivyo ni habari nyingine, wala hatuuingii hapa.) Je, kura hizo zilitoka wapi kama si kwa wagombea walioanguka? Kila mmoja wao alirudi nyumbani ameshindwa, na kila mmoja alikuwa ameleta kikapu chake.

Tuitazame na Uingereza, ambako mchezo huu wa vyama ni wa kale. Mwaka 1900 wafanyakazi wa huko, chini ya kamati iliyokuja kuwa chama cha Labour, walisimamisha wagombea 15 tu, wakapata viti 2. Mwaka 1903 Waliberali, waliokuwa chama kikubwa, wakapatana nao kwa siri kwamba katika majimbo kadhaa hawatasimamisha mtu, ili kura za kuwapinga Wahafidhina zisigawanyike. Kwa siku ile yalikuwa mapatano ya akili, na mwaka 1906 wote wawili walifaidika; kamati ya wafanyakazi ikapata viti 29. Lakini mahali palipoachwa pakaota mizizi ya mwingine. Mwaka 1924 Ramsay MacDonald wa Labour alikuwa Waziri Mkuu, na Waliberali walikuwa wamekwisha kuwa chama cha tatu.

Wakaendelea kupungua. Mwaka 1950 walijikaza wakasimamisha wagombea 475; kati yao 319 walipoteza dhamana yao ya pauni 150 kwa kukosa sehemu moja ya nane ya kura. Hasara hiyo iliwatia hofu, na mwaka 1951 wakasimamisha 109 tu. Matokeo? Kura zao zilishuka kutoka milioni 2.6 hadi kama laki saba na nusu hivi, na viti kutoka 9 hadi 6. Mliberali wa jimbo lililoachwa alikwenda kituoni asione jina la mgombea wa chama chake katika karatasi. Akampa kura yake Mhafidhina au mtu wa Labour, na aliyekwisha kuvuka mto hivyo mara moja haoni taabu kuvuka tena. Dhamana ziliokolewa, lakini wenyewe walipotea.

Lakini kwa nini twende mbali, na sisi tuna Tabora?

Mwezi Januari 1958 wajumbe wa TANU walikutana huko wakiwa na hasira ya haki kabisa. Serikali ya mkoloni ilikuwa imeandaa uchaguzi wa kura tatu: kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, na aliyeacha mmojawapo kura yake iliharibika. Tena haki ya kupiga kura yenyewe ilifungwa kwa masharti ya kipato, elimu au cheo, hata walio wengi wakabaki nje. Ulikuwa uwanja ulioinamishwa makusudi, na chama cha United Tanganyika Party, kilichoundwa mwaka 1956 kwa baraka za Gavana Twining, kilikuwa tayari kuucheza. Wajumbe wengi walitaka kususa. Tena sababu zao zilikuwa na uzito: kuingia katika uchaguzi wa namna ile kulionekana kama kuukubali ubaguzi wenyewe.

Mwalimu Nyerere alisimama akapinga kususa. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: TANU ikikaa nje, viti havitabaki vitupu, vitakaliwa na UTP, na Serikali itasema hao ndio wasemaji wa watu wa Tanganyika. Mkutano ukakubali. Zuberi Mtemvu hakukubali, akatoka, akaanzisha African National Congress. Uchaguzi ukafanyika kwa sehemu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959. TANU haikushindana kwa viti vya Waafrika peke yake. Iliwaunga mkono pia Wazungu na Waasia waliokubaliana nayo, kama Derek Bryceson, Sophia Mustafa na Amir Jamal, na wagombea iliowaunga mkono wakashinda. UTP ilivunjika hata kabla duru ya pili haijaisha vizuri masikioni mwa watu. Silaha iliyotengenezwa kuizuia TANU iligeuka ngazi yake.

Sasa yapasa tuseme jambo ambalo washindi hawapendi kulisikia. Kiti kisichogombewa humdhuru na yule anayekipata. Katika uchaguzi wa Agosti 1960 TANU ilitwaa viti 70 kati ya 71, na katika hivyo viti 58 vilipita bila kupingwa. Ulikuwa ushindi mkubwa. Lakini maana yake nyingine ni kwamba wananchi wengi waliojiandikisha hawakutumbukiza karatasi sandukuni siku ile. Na kiti kimoja kilichopotea, cha Mbulu, kilichukuliwa na nani? Na mwana-TANU mwenyewe, Herman Sarwatt, aliyesimama peke yake dhidi ya mgombea rasmi wa chama, Chifu Amri Dodo. Watu wa Mbulu walipopewa nafasi ya kuchagua, walichagua.

Jambo hilo halikuwapita viongozi. Tume ya Rais iliyoteuliwa mwaka 1964 iliona kwamba maadam mgombea wa TANU hapingwi, mwananchi hana sauti juu ya nani awe mbunge wake. Ndipo katika uchaguzi wa 1965, chini ya chama kimoja, wakawekwa wagombea wawili wa TANU, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba. Hata Paul Bomani, Waziri wa Fedha, alianguka Mwanza. Twaweza kubishana juu ya mfumo ule, nasi tungekuwa na mengi ya kusema. Lakini wale waliouunda walijua kwamba mbunge asiyepigiwa kura ni mbunge asiyejulikana na watu wake.

Hapa lazima tutenganishe mambo mawili. Kuenguliwa si kujitoa. Mwaka 2019 vyama kadhaa vya upinzani vilijiondoa katika uchaguzi wa serikali za mitaa vikilalamika kwamba wagombea wao wamekatwa kwa wingi, na CCM ikapata zaidi ya asilimia 99 ya viti. Mwaka 2020 wagombea ubunge 28 wa CCM walitangazwa kupita bila kupingwa. Aliyezuiwa mlangoni hatumwiti mwoga. Tunayemsema ni yule ambaye mlango uko wazi, fomu ziko mezani, naye amekaa kivulini akipiga hesabu ya petroli, mfano wa yule mtumwa wa Injili aliyefukia talanta ardhini kwa kuogopa hasara. Sheria ya uchaguzi ya mwaka 2024 imeweka kwamba hata mgombea aliye peke yake apigiwe kura ya ndiyo au hapana. Ni nafuu. Lakini "hapana" haina jina, haina sera, wala haitafanya mkutano kijijini kueleza habari ya bei ya mbolea.

Basi matawi yaanze mapema. Katika kata ngumu asitafutwe mtu wa kujaza nafasi tu, wala asisukumwe kijana asiye na ndugu pale. Atafutwe mkazi, mwenye kazi yake, anayeheshimiwa hata na wasioipenda kadi yetu. Chama kibebe gharama zake za fomu na za mikutano, kisimwachie auze mbuzi wake. Wawekwe mawakala vituoni, maana pasipo mgombea wa udiwani hapana jicho letu juu ya kura za udiwani. Na akianguka, asifichwe wala asichekwe ofisini. Aitwe na kamati aeleze alichokisikia nyumba kwa nyumba, apewe daftari la wanachama wapya aliowapata, na jina lake liandikwe la kwanza katika mashauri ya uchaguzi ujao.